Kicheza video cha mkononi: kabla hujatoa pesa

Mwaka 2022 Apple walitangaza mwisho wa iPod touch, kicheza muziki na video chao cha mfukoni, na wengi wakaona sawa, maana simu imekwishameza kazi yote ile. Mimi bado nasafiri na kicheza video changu. Filamu ikiisha, simu yangu ina chaji yake kamili, na simu ndiyo ninayoihitaji nikifika.

Wanunuzi wengi huanza kwa kutazama kioo. Mimi huanza na mafaili. Maandishi ya MP4 au MKV mwishoni mwa jina la faili yanakutajia kifuko tu. Ndani yake picha zimebanwa kwa kodeki, yaani njia ya kubana na kufungua video, na hizo ziko nyingi: H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya 2013, AV1 ya 2018. Ndiyo maana kifaa kilichoandikwa MP4 kwenye boksi kinaweza kukutolea sauti huku kioo kikiwa cheusi. Na kisipokuwa na chipu inayofungua kodeki hiyo moja kwa moja, picha hukwamakwama na betri huisha upesi. Utaambiwa ubadilishe mafaili kwa kompyuta kwanza. Kataa! Kazi hiyo inakula saa nyingi, na kila ukibana video upya ubora wake unapungua. Nenda dukani na kadi ya kumbukumbu yenye mafaili yako mwenyewe, likiwemo moja lenye manukuu (maandishi ya mazungumzo chini ya picha) na moja linalozidi GB 4, kwa sababu kifaa kinachosoma kadi za FAT32 peke yake, mpangilio wa kadi usiobeba faili la ukubwa huo, hakitalipokea hilo kubwa. Kiwe kinasoma exFAT, mpangilio unaobeba mafaili makubwa.

Kuhusu kioo, "inakubali 1080p" (video ya pikseli 1920 kwa 1080) maana yake faili litafunguka, basi. Uliza kioo chenyewe kina pikseli ngapi. Vicheza DVD vya bei ya chini vingi vilikuwa na 480 kwa 234, wakati DVD ya PAL, mmoja wa mifumo ya picha za televisheni, ina 720 kwa 576. Yaani unaona zaidi kidogo ya robo ya picha uliyoilipia. Kwa kioo cha inchi 7, 1280 kwa 720 inatosha kabisa.

Betri imalize filamu mbili ndefu mwanga ukiwa juu, na ichajiwe kwa USB-C ili usibebe waya wa pekee.

Kuna jambo dogo ambalo nalithamini kuliko wauzaji wanavyodhani: kifaa kikumbuke ulipoishia katika kila filamu, hata kikizimwa. Napenda pia tundu mbili za hedifoni, watu wawili watazame bila kumsumbua jirani. Bluetooth ya baadhi ya vifaa huchelewesha sauti, midomo ikatangulia maneno. Ijaribu papo hapo.

Lakini kama unavyotazama viko Netflix na huduma kama hizo, usinunue. Filamu unazopakua humo hufunguka ndani ya programu yao tu, huwezi kuzihamishia kwenye kicheza video hiki. Tafuta tableti inayoikubali programu hiyo.