Kutoka Tanga hadi meli za Scapa Flow

Kaka, unauliza kama mbizi zako 200 za hapa Tanga zinatosha kukupeleka kwenye ghuba ya Scapa Flow, Uskoti. Bado. Manowari za Wajerumani zilizozamishwa na mabaharia wao wenyewe mwaka 1919 ziko kwenye maji ya kama nyuzi 13 kiangazi, na mojawapo, Markgraf, imelala kina cha mita 45 hivi. Kwanza izoee suti kavu, ile isiyopitisha maji na yenye hewa ndani, tena kwenye mita 10 tu. Hewa ikikimbilia miguuni unapinduka kichwa chini, na usipowahi kuitoa unaibuka juu kama kifuu. Mimi yalinikuta, mikono ikatetemeka hadi jioni. Regyuleta, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, iwe ya maji baridi. Ya kawaida huweza kuganda ikamwaga hewa yote. Na ndani ya meli usiingie bila kamba ya kukurudisha nje, tafadhali.