Jibu: Gapi, goldfishi na mbuna kwenye tangi moja la lita 100

Mkuu, umeuliza kama gapi kumi (wale samaki wadogo wa mapambo wenye mkia mpana), goldfishi wawili na mbuna watatu wataelewana kwenye lita 100. Mbuna watoe kabisa. Wale ni samaki wa miambani Ziwa Nyasa, kila dume ana himaya yake, na mkia wa gapi ukipita mbele yake ataurarua. Wanaowafuga huwaweka mbuna watupu bila samaki wa aina nyingine, wengi kwa pamoja na mawe tele, ili ubabe usimwangukie mmoja.

Goldfishi ni mpole, lakini anapenda maji ya baridi zaidi kuliko gapi, anachafua tangi balaa, na akikua anameza chochote kinachoenea mdomoni. Vitoto vya gapi hutaviona.

Mimi ningebaki na gapi, dume mmoja kwa majike wawili au watatu, maana madume wakizidi, majike hawapumui kwa kusumbuliwa. Waongezee plati wachache, samaki wadogo jamaa wa gapi. Wote wanakubali pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7 hadi 8 na nyuzi 24 hadi 26. Chini weka koridora, samaki wadogo wenye sharubu wanaokaa sakafuni mwa tangi; weka sita, si wawili, ni samaki wa kundi. Wawekee mchanga laini, kokoto kali zinakwangua sharubu zao. Neoni, wale samaki wadogo wenye mstari wa buluu wanaopenda maji laini, kama maji yako ni ya kisima chenye chumvichumvi, achana nao tu.

Na usiwamwage wote siku moja! Anza na gapi wachache, pima amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) kila baada ya siku chache, ikikaa sifuri ndipo uongeze wengine.