Maswali ya Wasomaji: Kunenepesha herufi kwa biro

SWALI: Hamjambo? Dada yangu anaolewa, nami nimepewa kazi ya kuandika majina kwenye bahasha za kadi. Najifunza kaligrafia ya bandia, ile ya kuandika kwa biro kisha kunenepesha, lakini herufi zinatoka nzito kama za bango la duka. Nakosea wapi? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Hongereni kwa harusi. Tunavyoona, umenenepesha kila mstari. Kalamu halisi ya chuma ina meno mawili: ukiikandamiza ikishuka, meno hupanuka na mstari huwa mpana, ikipanda huikandamizi, mstari unabaki kama unywele. Biro haina meno, ndiyo maana unene tunauchora. Basi nenepesha pale tu mkono uliposhuka.

Chukua neno “harusi”, herufi ndogo za kuungana. h ina mishuko miwili, mgongo na mguu. a nayo miwili: ubavu wa kushoto wa tumbo, na mguu wa kulia. r mmoja, u miwili, s mmoja, i mmoja. Jumla 9. Viunganishi vyote viache vyembamba, pamoja na kijiti kinacholala juu ya t. Ukisita, pitisha kalamu hewani juu ya herufi uone mkono unaelekea wapi.

Andika kwanza kwa nafasi kubwa kuliko unavyozoea, kwani unene utakula uwazi. A iliyobanwa huziba tumbo ikawa doa. Mwili wa herufi ukiwa na kimo cha milimita 8, mstari wa pili, ule unaouchora kando ya mshuko ili kuunenepesha, uwe milimita 1 kutoka wa kwanza, upande wa kulia siku zote. Kwenye mviringo, mistari hiyo miwili ianze pamoja, iachane katikati, ikutane tena chini. Ukiikata ghafla, herufi inaota kona. Kisha jaza katikati.

Aliyejifunza khati, yaani mwandiko wa Kiarabu, chuoni ajihadhari: kalamu ya mwanzi hukatwa mshazari, na unene wake hufuata upande unaoelekea, si mkandamizo. Kanuni ile usiilete huku.

SWALI: Mimi ni wa mashoto na kila bahasha naipaka wino kwa kiganja. Nifanyeje? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Hapa kaligrafia ya bandia inakufaa kuliko ile halisi. Mstari wa kwanza ukishakauka, anza kunenepesha kutoka herufi ya mwisho ukirudi kushoto. Mkono utalala juu ya wino mkavu. Wakati wa kuandika mstari wa kwanza, weka kipande cha karatasi chini ya kiganja. Wino wa jeli hukawia kukauka, na kwa unyevu wa Mombasa hukawia zaidi, hasa kwenye bahasha inayong’aa. Kama ulichora mistari ya penseli ya kukuongoza, isifutwe kabla ya nusu saa. Sisi kwa bahasha ing’aayo tungeiacha jeli kabisa.

SWALI: Wino unasambaa kama mizizi. Ni kalamu mbovu? (Msomaji, Changamwe)

JIBU: Ni karatasi. Inafyonza. Jaribu kalamu ya ncha ya milimita 0.5 kwenye bahasha moja ya ziada kabla hujanunua 100.