Dirisha la chuma, baridi ya Julai na paka mwenye makucha

Anayesema Nairobi haina baridi hajalala Julai chini ya dirisha la chuma lililozeeka. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti jua lenyewe huadimika. Mwenye nyumba nilimlilia misimu miwili azibe nyufa zinazoingiza upepo. Jibu lake ni "tutaona". Nikaamua kujifanyia.

Nilianza vibaya. Nilishona mfuko mrefu wa jinzi ya mtumba, nikaujaza mchanga na kuulaza chini ya dirisha. Usiku wa tatu Chausiku, paka wangu, aliupasua. Mchanga kwa paka ni choo, sina haja ya kueleza zaidi. Nikabandika sponji ya gundi; akaibandua, nikamnyang'anya kipande mdomoni. Akikimeza kinaweza kuziba utumbo, na gharama ya daktari wa mifugo itapita ya dirisha zima.

Basi tafuta ufa wenyewe. Usiku wa upepo washa kijiti cha udi, ukipitishe polepole kando ya fremu. Moshi unapoyumba, ndipo hapo. Mshumaa usiutumie, kuna pazia, na kuna mkia.

Kwangu pati, ule udongo laini unaoshikilia vioo kwenye fremu, ilikuwa imekauka na kubanduka kando ya vioo. Niliitoa nikapaka mpya, kisha nikafunga chumba siku kadhaa, maana pati ya mafuta hukawia kukauka na mbwa wangu mzee hulamba chochote chenye harufu ya mafuta. Kubwa zaidi, dirisha lilikuwa halifungi kwa sababu ya rangi juu ya rangi, na kutu. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu: ilowanishe kabla ya kupiga msasa, wanyama wakae nje, halafu pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi. Vumbi likibaki kwenye manyoya, paka atalilamba.

Penye kutu nilipaka rangi ya kuzuia kutu. Ilipokauka nikaweka mstari wa silikoni kwenye fremu, nikapaka maji mazito ya sabuni kwenye ukingo wa dirisha ili lisigande, nikalifunga taratibu hadi kesho yake. Silikoni ikachukua umbo la pengo lenyewe, na paka hana pa kushika. Ile yenye harufu ya siki huchochea kutu. Omba isiyo na siki.

Matundu ya hewa ya juu ya dirisha niliyaacha kama yalivyo, nawe usiyaguse hata ukitetemeka. Na jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala kamwe: gesi yake haina harufu, na huua mtu na paka pamoja.

Chausiku bado hulala palepale dirishani. Kioo chenyewe ni baridi, kwa hiyo nimemtandikia kipande cha blanketi kuukuu. Hicho hajakichana. Bado.