Diski Iseme Kwanza, Ndipo Iulize

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba mtu asiyeona anaweza kuweka mfumo wa kompyuta yake mwenyewe, bila kumwita jirani aje kumsomea skrini. Tangu siku hiyo ujumbe haujakatika. Nimekaa barazani hapa Kiboriloni, simu inanisomea mmoja mmoja, na leo najibu ile inayowagusa wengi.

Shikamoo kaka. Nasoma chuo hapa Arusha, naishi Sakina, sioni kabisa. Nilinunua laptopu ya mtumba. Fundi amenipigia Windows mara mbili, na mara zote nikifika nyumbani mashine haisemi. Nifanyeje nisimtegemee mtu?

Marahaba, mdogo wangu. Umenikumbusha mbali. Miaka ile naanza, nilimpelekea fundi mmoja wa mjini mashine yangu, nikakaa kwenye benchi lake tangu asubuhi hadi adhuhuri nikisikiliza akigonga kibodi. Alinirudishia ikiwa safi kabisa, na bubu kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwangu mimi kompyuta isiyosema ni sawa na iliyozimwa.

Anza na Debian, mfumo wa kompyuta wa bure wa familia ya Linux. Tangu toleo la 7, la mwaka 2013, diski yake ya kuwekea mfumo inaweza kuongea kwa sauti ya programu tu, bila kifaa cha ziada. Chukua toleo la 12 au la baada yake, na nakwambia kwa nini. Kadi nyingi za sauti za laptopu za siku hizi haziwezi kutoa hata mlio mpaka zipewe programu yake ndogo ya ndani, ambayo si huria, na Debian kwa miaka mingi ilikataa kuiweka kwenye diski zake rasmi. Maana yake, mwenye macho aliendelea na kazi, asiyeona akabaki na ukimya. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura wakakubali programu hizo ziingie, na toleo la 12 la mwaka 2023 likatoka nazo. Katika mjadala ule, suala la wasioona kukosa sauti lilikuwa hoja nzito.

Chomeka flashi yenye diski hiyo, washa. Menyu ikiwa tayari utasikia mlio, kama laptopu yako ina kispika kidogo cha ndani: mmoja kwa mashine za BIOS ya zamani, ile programu inayoamsha mashine kabla ya mfumo, miwili kwa zile za UEFI, mrithi wake. Bonyeza herufi s, kisha Enter, halafu tulia. Usiguseguse vitufe kwa wasiwasi. Baada ya muda sauti itaanza, na kama mashine ina kadi za sauti zaidi ya moja, itaongea kupitia kila kadi kwa zamu, na wewe unabonyeza Enter pale unapoisikia. Hicho kipengele nakipenda kuliko vyote. Aliyekitengeneza alijua kwamba kadi ya kwanza huenda ni ile ya waya wa televisheni, ambako hakuna anayesikiliza.

Sauti mwanzoni ni ya polepole. CapsLock na 6 huiongezea kasi, CapsLock na 5 huipunguza. CapsLock na 2 huongeza sauti, na 1 huipunguza. Maswali yanakuja kama orodha yenye namba: unaandika namba, unabonyeza Enter. Ukitaka kurudi nyuma andika alama ya `<`. Kama umepitwa na mstari, kwenye vitufe vya namba vilivyo kulia mwa kibodi, 8 inasoma mstari ulipo, 7 wa juu yake, 9 wa chini yake. Ukifika kwenye kugawa diski, punguza mwendo. Pale ndipo mafaili ya zamani yanafutwa, kwa hiyo rudia kusikiliza kila mstari kabla ya kukubali. Ukimaliza, mfumo uliowekwa kwa sauti utawaka na sauti. Hutaanza tena kuomba mtu akuwashie.

Kuhusu bando: ile diski ndogo haifiki GB 1, lakini itadai intaneti wakati wa kazi, na unaweza kuipa kwa waya wa USB kutoka kwenye simu. Kama bando ni tatizo, omba mtu mwenye intaneti nzuri akupakulie DVD ya kwanza, karibu GB 4, uwe nayo milele.

Mimi ni fundi hapa Moshi, naona vizuri. Kuna kikundi cha wasioona kimeniomba niwatengenezee flashi zao, zenye programu zao ndani. Naanzia wapi ili isiwe bubu?

Asante sana, fundi. Kikundi hicho kimebahatika, kwa sababu umeuliza kabla ya kutengeneza.

Mafundi wengi wanadhani kazi ni kuingiza programu ya kusoma skrini, basi. Orca, mojawapo ya programu hizo, ipo tayari kwenye diski nyingi za Linux. Kwa zile zenye desktop ya GNOME, kama Ubuntu na Fedora, kitufe cha Windows pamoja na Alt na S huiamsha. Shida ipo kabla ya hapo. Menyu ya kwanza inatokea, inahesabu sekunde, inaondoka, na mtumiaji wako hajui hata kama flashi imesomwa. Ameinamisha sikio kwenye laptopu anasikiliza feni.

Kwa hiyo anza na mlio. Kwenye GRUB, programu inayoleta ile menyu ya kwanza, kuna amri ya `play`. Andika `play 960 440 1 0 4 440 1` kwenye faili la menyu na utapata milio miwili mifupi. Namba ya kwanza ni kasi, mapigo kwa dakika. 440 ni sauti yenyewe kwa hezi, kwa pigo moja. Sifuri na nne ni ukimya wa mapigo manne. Halafu sauti inarudi. Kwenye ISOLINUX, inayofanya kazi hiyo kwa mashine za zamani, weka herufi ya kengele, ile ya ASCII namba 7, ndani ya kichwa cha menyu. Kisha, kwenye GRUB, ipe njia ya sauti kitufe chake kwa `--hotkey=s`, mtu asilazimike kuhesabu mishale gizani.

Sasa sikiliza hili vizuri. Mlio wa GRUB unatoka kwenye kispika kidogo cha ndani, na laptopu nyingi mpya hazina tena kispika hicho. Mlio peke yake hautoshi. Panga menyu hivi: kisipoguswa kitu kwa sekunde 30, ianze *yenyewe* ikiwa na sauti. Mwenye macho hapotezi chochote, atachagua anachotaka kwa mshale au atazima sauti baadaye. Asiyeona akikosa ule mstari wa sauti, amekosa kompyuta nzima. Nimebishana na mafundi wengi juu ya hili, wananiambia sauti itawasumbua wateja wengine. Sauti inazimwa kwa kitufe kimoja. Ukimya hauna kitufe cha kuuzima kama hukioni.

Kama unatumia kisakinishi cha maandishi, pitisha `speakup.synth=soft` kwa kerneli, kiini cha Linux. Kama ni cha madirisha, angalia mtego huu: programu inayoendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu, wakati kwenye desktop ameingia mtumiaji wa kawaida, mara nyingi Orca haiioni kabisa. Nilishapewa flashi ambayo desktop yote ilisoma vizuri, kikokotoo kikasoma, kivinjari kikasoma, nikabonyeza "sakinisha" na dunia ikanyamaza. Kwa programu zilizojengwa kwa Qt, jaribu kuweka `QT_LINUX_ACCESSIBILITY_ALWAYS_ON=1`. Hakikisha pia kwamba sauti haijafungwa kwenye ALSA, sehemu ya Linux inayosimamia sauti, na haijashushwa hadi sifuri.

Ukimaliza, funika skrini kwa kanga. Usichungulie. Weka mfumo mzima kuanzia kuwasha hadi kuingia. Ukikwama mahali ukatamani kuinua kanga, hapo ndipo pa kurekebisha.

Na flashi zenyewe zifunge uzi. Za kwangu nimefunga uzi wa kitenge: fundo moja Debian, mafundo mawili Windows. Maandishi ya kalamu juu ya flashi hayanisaidii.

Nimepata flashi inayosema, lakini laptopu inawaka moja kwa moja kwenye Windows. Nabonyeza nini?

Hapa ndipo penye maumivu ya kweli, kwa sababu ukurasa wa BIOS kwenye mashine zetu nyingi hausemi, na hakuna flashi inayoweza kuusemea. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12 mara tu baada ya kuwasha, kwenye HP ni F9. Unagonga mfululizo, kisha orodha bubu inatokea na wewe unahitaji mshale wa chini mara kadhaa. Ukishajua hesabu ya mashine yako, haibadilikibadiliki ovyo, kwa hiyo ikariri.

Kuna njia ninayoipendelea. Ukiwa ndani ya Windows inayosema, shikilia Shift huku unachagua kuanzisha upya. Itakuja menyu ya bluu, na kwenye mashine nyingi za UEFI ndani yake kuna chaguo la kutumia kifaa kingine. Narrator, msomaji wa skrini wa Windows, anaweza kuamshwa hata pale. Njia nyingine, mwombe mtu unayemwamini akupangie *mara moja tu* flashi itangulie diski ya ndani. Baada ya hapo flashi ikiwepo inawaka, isipokuwepo Windows inawaka.

Shikamoo. Nafundisha wanafunzi wa elimu maalumu huku Tengeru. Kompyuta zetu zote ni za Windows na hatuwezi kubadilisha. Kuna namna?

Marahaba, mwalimu. Ipo. Diski ya kuwekea Windows 11, na Windows 10 za miaka ya mwisho, ina Narrator ndani. Skrini ya kwanza ikishatokea bonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Enter kwa pamoja. Huwezi kujua skrini imetokea lini, kwa hiyo jaribu, subiri, jaribu tena. Kama kadi ya sauti haitambuliki hatua hiyo, hutasikia kitu, na hapo kispika cha USB cha bei nafuu huwa kinaokoa jahazi.

Baada ya hapo weka NVDA, programu nyingine ya kusoma skrini. Ni ya bure, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Unaweza kuiweka kwenye flashi kama nakala ya kubeba, mwanafunzi wako akaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya darasani bila kusakinisha chochote. Wapeni wanafunzi flashi hizo mapema.

Kuna sauti ya Kiswahili, au ni Kizungu tu?

Ipo, ndani ya eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, ambayo inakuja na NVDA na diski nyingi za Linux. Ni sauti ya kimashine, haina utamu. Lakini Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo inasoma bila kubabaisha, na ukiizoea unaikimbiza kwa kasi ambayo mgeni hasikii neno. Ukiiacha kwenye Kiingereza halafu ukafungua barua ya Kiswahili, utasikia vituko. Badilisha lugha ya sauti kwanza.

Mwanangu ana miaka 12, anasoma nukta nundu vizuri kuliko anavyosikiliza. Diski hizi zitamfaa? Mama wa Ngarenaro.

Zitamfaa, mama. Debian ina programu iitwayo BRLTTY ndani ya diski, inayopeleka maandishi kwenye kifaa cha nukta nundu. Kionyeshi cha nukta nundu cha USB kikichomekwa kabla ya kuwasha, kwa kawaida kinatambuliwa chenyewe na maneno yanapanda vidoleni mwake. Ugumu ni bei ya kifaa chenyewe, ambacho ni ghali mno kwa mzazi mmoja. Kauliza shuleni kwake na Chama cha Wasioona Tanzania kabla hujauza kitu. Wakati mnasubiri, aendelee na sauti, asiache nukta nundu.

Kuna diski ninayoweza kujaribu bila kufuta chochote?

KNOPPIX, Linux inayowaka kutoka kwenye diski bila kusakinishwa. Mjerumani Klaus Knopper aliiongezea sehemu iitwayo ADRIANE, yenye menyu inayoongea na kuendeshwa kwa mishale tu. Mke wake ana ulemavu wa kuona, na Adriane ndilo jina lake. Menyu ya kuwasha ikitokea andika `adriane`, Enter. Diski yako ya ndani haiguswi.

Nikija Kiboriloni utaniwekea?

Njoo Jumamosi asubuhi, ulete laptopu, chaja na visikilizio vya masikioni. Mimi nitakaa pembeni yako. Vitufe utabonyeza wewe.