Jibu: Kumhamisha mgonjwa aliyevunjika nyonga

Mdogo wangu, nimekuelewa. Uko atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwenye chumba cha eksirei hapa Nairobi, mashine unaimudu, lakini shosho (bibi mzee) aliyevunjika nyonga akiletwa kwa machela unaogopa kumgusa kwa sababu ya mayowe yake.

Anza kwa kuzungumza naye. Ataje mwenyewe jina na tarehe ya kuzaliwa. Usimsomee, maana mwenye maumivu huitikia lolote. Uliza muuguzi kama amepewa dawa ya kutuliza. Kama ndiyo kwanza amemeza na hali si ya dharura, subirini ifanye kazi.

Kabla ya kumvuta kwenda kwenye meza ya picha, funga breki za machela na uangalie mipira aliyowekewa, kama ule wa mkojo. Wengi hukosea hapa: wanauweka mfuko wa mkojo juu ya tumbo lake. Ubaki chini ya usawa wa kibofu, la sivyo mkojo utarudi ndani na kumletea maambukizi. Usimhamishe peke yako. Vuteni shuka aliyolalia, mmoja aushike mguu ulioumia, mmoja ahesabu kwa sauti ili shosho naye ajiandae.

Ukitaka picha ya ubavuni, usiuzungushe mguu ule. Geuza mashine, mwale upite kimlalo.

Akilalamikia shingo baada ya kuanguka, au miguu imekufa ganzi, usimsogeze hadi daktari amwone. Akitokwa jasho jembamba, akihema kwa shida au akianza kuchanganyikiwa, acha picha na umwite msimamizi wako papo hapo, ukiwa umesimama kando yake.