Kaseroli ya mboga na sosi nyeupe: shughuli yote ipo kwenye maji

Watu wanaoniambia kaseroli ya mboga, yaani mboga zilizochanganywa na sosi nzito ya maziwa na chizi zikaokwa kwenye oveni, haiwatoki vizuri karibu wote wana lalamiko moja, yaani juu imepiga rangi safi kabisa, harufu imejaa nyumba nzima, ila ukiingiza kijiko unakutana na maji chini, sosi imekatika na mboga zinaogelea. Hapo sasa lawama zinaanza, mara chizi haikua nzuri, mara maziwa mepesi, mara oveni haina moto. Hichi ni chakula ninachokipenda sana, siku nimechoka au kuna baridi ndo nachokikimbilia, nimekipika miaka mingi, na nakuambia kabisa oveni yako haina kosa. Yale maji yametoka kwenye mboga zenyewe na ilitakiwa uyatoe kabla hazijakutana na sosi.

Angalia, brokoli, koliflawa, spinachi, uyoga, hizi zote asilimia 90 hivi ya uzito wake ni maji, zukini, yale maboga madogo marefu ya kijani yanayofanana na tango, ndo usiseme inafika 95. Mboga ikipata moto inalegea na maji yanaanza kutoka. Ukiwa unakaanga kwenye kikaango kipana hayo maji yanageuka mvuke yanajiendea zake, lakini ukishazifunika na sosi nzito alafu chizi juu yake, yaende wapi? Yanabaki humo humo yanaizimua sosi. Kwahiyo karibu kila kitu nitakachokuambia hapa kinarudi kwenye hilo hilo la maji, hata pale nikiongelea unga na chizi.

Mimi kwa chombo cha sentimita 20 kwa 30 natumia kama kilo moja ya mboga zilizokwisha katwa, inalisha watu 6 vizuri tu. Mchanganyiko wangu ni brokoli, koliflawa, karoti na maharage mabichi yale marefu ya kijani, sababu zinavumilia moto na kila moja inatafunika kivyake. Katakata vipande vinavyoingia mdomoni kwa mara moja, karoti ziwe nyembamba kidogo manake ndo ngumu kuliko wenzake. Na shina la brokoli usitupe jamani, menya lile ganda gumu la nje, ndani ni laini na tamu, kata duara duara changanya na karoti.

Haya, kuzichemsha. Sufuria kubwa, maji mengi yanayochemka kwelikweli, chumvi ya kutosha mpaka maji yenyewe uyaonje uisikie. Usifunike. Mboga za kijani zikichemka zinatoa asidi kidogo ambayo inaondoka na mvuke, ukifunika inarudi kwenye maji na ndo hiyo inayofanya brokoli ipoteze kijani chake iwe na ile rangi ya kufubaa. Wengine wanatia magadi au baking soda ili kijani kibaki, ni kweli kinabaki ila mboga inakua rojorojo, kwa chakula kinachoenda kuokwa tena sishauri kabisa. Karoti na maharage mabichi dakika 4, koliflawa dakika 3, brokoli 2 tu, chemsha kila moja kivyake kwenye maji yale yale. Ukiing'ata iwe bado inakataa kidogo katikati, kumbuka bado ina nusu saa ya oveni mbele yake. Zikitoka zitupie kwenye maji ya baridi sana ili ziache kuiva, zikipoa tu zitoe, usiziache zikalala humo.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaharakisha na hapa ndo chakula kinaharibika. Kuchuja sio kumimina kwenye chujio ukahesabu umemaliza. Chukua ua moja la brokoli lililotoka kwenye maji, ligeuze kichwa chini ulikung'ute juu ya kitambaa, utashangaa matone yanayotoka, zile punje ndogo ndogo za kichwani zinashika maji kama sponji. Kwahiyo tandaza taulo safi la jikoni, panga mboga vichwa vikiangalia chini, ziache hapo muda wote unaopika sosi, alafu mwishoni zigandamize taratibu kwa taulo lingine. Taulo likiloa chepechepe, hayo yote uliyoyaona yangekua kwenye sahani yako.

Kuna njia nyingine ambayo kwa koliflawa na karoti naipenda zaidi, nayo ni kuzichoma kwanza bila kuzichemsha. Zipake mafuta na chumvi, tandaza kwenye trei pana zisibanane, oveni nyuzi 220 kwa dakika 20 hivi mpaka kingo zinakua na rangi ya kahawia. Maji yanakauka yenyewe na utamu wa mboga unajikusanya, ladha inakua nzito kuliko ya kuchemsha. Zikibanana tu zinajipika kwa mvuke wake na hautapata rangi, bora utumie trei mbili. Nikiwa na muda nachoma, nikiwa na haraka nachemsha.

Uyoga, zukini na spinachi usizitie mbichi, tafadhali. Uyoga kata, weka kwenye kikaango kikavu chenye moto bila mafuta wala chumvi, utaona unatoa maji mpaka unaogelea, wewe endelea tu, yakishakauka ndo unaweka siagi na unauacha upige rangi. Zukini kata, nyunyizia chumvi, iache nusu saa kwenye chujio, alafu ikamue na kuifuta. Spinachi ipitishe kwenye moto inywee, ikipoa ikamue kwa mikono yako yote miwili, tena kwa nguvu, ukifikiri imeisha kamua tena. Nyanya mimi siweki ndani kabisa, ina maji na ina asidi, na maziwa ya moto yakikutana na asidi yanaweza kukatika.

Sosi yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyoiogopa. Siagi gramu 60, unga wa ngano gramu 60, maziwa mililita 600. Yeyusha siagi moto wa wastani, tia unga, koroga dakika 2 mpaka unanukia kama biskuti na bado haujabadilika rangi. Hapo anza kutia maziwa kidogo kidogo huku unakoroga, mara ya kwanza itakua donge gumu kama ugali na utadhani umeharibu, hapana, iko sawa, ongeza tena maziwa na ukoroge mpaka lilainike ndo uongeze mengine. Ukimimina yote kwa pamoja bila kukoroga unapata madonge madonge, na yakitokea usihangaike sana, pitisha kwenye chujio la chai yameisha. Acha sosi itokote polepole dakika 5 mpaka 8, unga usipotokota unaacha ladha ya ubichi na hata uzito wake unakua haujafika. Chovya kijiko cha mbao, pitisha kidole mgongoni mwa kijiko, mstari ukibaki bila sosi kuuziba basi imefika. Iwe nzito kidogo kuliko unavyofikiri inatakiwa, sababu hata ukausheje mboga kuna maji kidogo yatatoka tu na sosi lazima iwe na nafasi ya kuyapokea. Chumvi, pilipili manga, kungumanga ya kukwaruza kidogo tu, na kijiko cha chai cha haradali ambacho hakuna atakayekijua kipo ila chizi inasikika zaidi.

Wale wanaotumia supu ya kopo badala ya sosi siwalaumu, na kwa kweli kaseroli maarufu kuliko zote ya Marekani ilianzia huko huko. Ile ya maharage mabichi ilitengenezwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly akiwa anafanya kazi kwenye jiko la majaribio la kampuni ya supu za kopo ya Campbell huko Camden, New Jersey, lengo likiwa chakula cha vitu ambavyo watu tayari wanavyo ndani, maharage mabichi, kopo la supu nzito ya uyoga, maziwa, sosi ya soya kidogo, pilipili na vitunguu vya kukaanga. Ukiangalia ile supu ya kopo inafanya kazi ile ile ya sosi nyeupe, ni kitu kizito cha kushikilia mboga pamoja. Ila supu ya kopo ina chumvi nyingi, kwahiyo ukiitumia usitie chumvi nyingine mpaka umeonja, na wanaosoma makala hii wakiwa na presha nawaomba wapike sosi yao wenyewe, ni dakika 15 tu na chumvi unaipanga wewe.

Chizi nunua kipande ukakwaruze mwenyewe. Ile iliyokwaruzwa kiwandani inapakwa wanga au kitu cha aina hiyo ili isigandane kwenye pakti, na hicho hicho kinaifanya isiyeyuke vizuri kwenye sosi, unapata kitu kina chengachenga mdomoni. Cheddar iliyokomaa ndo naipendekeza, gramu 150 ndani ya sosi na 50 hivi ya juu. Mozzarella inavutika vizuri ila ladha yake ni ndogo, ukiipenda ichanganye na nyingine kali. Zima moto KWANZA ndo utie chizi. Sosi ikiwa inachemka chizi inajikaza na mafuta yake yanajitenga, na hapo utaona mafuta yanaelea juu na hauwezi tena kuirudisha kirahisi.

Changanya mboga na sosi kwenye bakuli kubwa sio kupanga mboga na kumwagia juu, kila kipande kipate chake. Mimina kwenye chombo ulichopaka siagi. Juu mimi naweka chenga za mkate uliokauka, vikombe 2 hivi, nazichanganya na gramu 40 za siagi iliyoyeyuka, kitunguu saumu kilichosagwa kidogo na ile chizi iliyobaki. Siagi ni lazima, chenga kavu peke yake zinaungua au zinabaki kama vumbi. Na usiziweke mapema kama oveni yako ni kali, oka kwanza dakika 15 bila kitu juu ili mvuke ule wa mwisho utoke, alafu nyunyiza chenga rudisha dakika 15 nyingine. Hata ile ya Reilly vitunguu vya juu vinawekwa dakika za mwisho, vikikaa muda mrefu juu ya mvuke vinalainika. Oveni nyuzi 200, na dalili ya kuiva ni pembeni kutokota na katikati pia kuonyesha mapovu, pembeni peke yake haitoshi.

Ikitoka usikate! Najua harufu inakuita na watu wameshakaa mezani, lakini sosi ikiwa ya moto sana inakua nyepesi, ukiipa dakika 10 mpaka 15 inajishika na kijiko kinatoka na kipande kilichosimama. Limao kama unapenda kamulia kwenye sahani yako, sio kwenye sosi.

Ukitaka kuiandaa jana yake inawezekana vizuri tu, panga kila kitu isipokua chenga, ikipoa funika weka kwenye friji, kesho yake ongeza dakika 10 au 15 za kuoka. Angalizo, kama chombo ni cha kioo kitoe nje ya friji mapema kipoteze ubaridi, kioo cha baridi kikiingia kwenye oveni ya moto kinaweza kupasuka na chakula chote kinakua cha kutupa. Kugandisha kwenye friza mimi sifanyi, barafu inapasua mboga kwa ndani, zikiyeyuka zinaachia maji yote na sosi inakatika, yaani unarudi pale pale tulipoanza.

Kwa asiye na oveni bado anakula. Pika sosi, kausha mboga vizuri, kaanga chenga na siagi kwenye kikaango mpaka ziwe kahawia na ziweke pembeni. Changanya mboga na sosi kwenye sufuria nzito, moto mdogo dakika 5, pakua, nyunyiza chenga juu ya kila sahani wakati wa kula. Utakosa ile rangi ya chizi iliyoungua kidogo pembeni, ladha nyingine zote zipo.

Kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, kinakaa siku 3 bila shida. Kupasha moto tumia oveni nyuzi 180, funika na foili dakika 15 alafu funua dakika 5 chenga zirudi kukauka. Maikrowevu inapasha haraka ila juu panakua palaini, ukiwa na haraka hivyo basi pasha humo na ukaange chenga mpya kidogo za kunyunyiza.